Natafuta pakavu

Kilichonishtua ni kiatu cha mtoto kikielea.

Ilikuwa alfajiri. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, nami nikashuka kufungua mlango wa nje ili maji ya kiwandani, ule ua wa ndani, yapate pa kutokea. Kumbe maji yalikuwa yanaingia. Yalikuwa yameshajaa dakani, pale barazani mbele ya mlango, yanapita chini ya mlango taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba, na kile kiatu kilikuwa kinazunguka palepale karibu na mtungi.

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, katika kichochoro ambacho punda wawili wenye mashogi hawawezi kupishana. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wake mnene kuliko urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Kuvuja kwa juu tumekuzoea. Lakini maji ya njiani kuingia kwa mlango, hilo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe humo.

Nikafagia, nikakausha, nikapanga magunia ya mchanga mlangoni. Wiki nzima kila aliyeniuliza nilimwambia mvua imezidi mwaka huu.

Ila kuna jambo likawa linanirudia kila nikitoka nyumbani. Nilipokuwa mdogo, nikirudi chuo cha Kurani, nilikuwa naruka vidato viwili kupanda dakani. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliwahi kuteleza hapo nikapasuka kidevu, na kovu ninalo hadi leo. Vidato viwili, vya kupanda.

Siku hizi, kutoka njiani kuingia dakani, nashuka.

Niliyemlaumu kwanza

Nililaumu kabro.

Miaka michache iliyopita kichochoro chetu kiliwekwa kabro, yale matofali ya zege yenye kingo za mawimbi yanayoshikana bila simiti. Kazi ilifanywa haraka. Mkandarasi alikuja na vijana, wakamwaga mchanga, wakapanga, wakagonga kwa nyundo ya mpira, wakasonga mbele. Kwa siku chache tulipita kandokando ya kuta kama wezi, kisha njia ikafunguliwa na watoto wakaanza kuburuta vigari vyao juu yake kwa kelele.

Baada ya mafuriko yale nilikaa usiku mmoja nikaandika makala ya hasira. Niliandika kwamba mji uliojengwa kwa chokaa unazikwa kwa zege. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na tunapozungumza habari za urithi tunainua macho: milango ya nakshi, zidaka za ukutani, wikio zinazounganisha nyumba juu ya njia. Ya chini ya miguu yetu hatuyataji. Niliona nimepata hoja.

Sikuichapisha. Kesho yake shangazi yangu alikuja kunitazama.

Shangazi anatembelea kiti cha magurudumu, mwaka wa sita sasa. Zamani ile njia ilikuwa ya simiti iliyochanika, hapa imebomoka, pale imeinuka, na katikati maji machafu. Kumtoa kwake hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ilikuwa kazi ya vijana wawili, na mara nyingi akikataa kutoka kwa haya ya kubebwa. Siku ile alifika mlangoni kwangu akisukumwa na mjukuu wa miaka kumi na moja. Alikuja kunipa pole ya maji, akiwa amepita juu ya kabro ileile niliyokuwa nimeitukana kurasa tatu.

Punda nao hawatelezi tena kama walivyokuwa wakiteleza kwenye simiti laini iliyolowa. Na mimi mwenyewe, usiku stima ikipotea, natembea pale bila kupapasa.

Kwa hiyo makala ikabaki kwenye simu. Ila maji yaliingia. Hilo halikuwa na shangazi wala punda.

Jiwe moja

Nikamwita fundi. Ni mzee aliyewahi kufanya kazi na babu yangu, mmoja wa wale waliobaki wanaojua kupika chokaa. Alikuja na mtaimbo mfupi, kamba, na mpira wa maji uliokunjwa begani. Hakutazama mlango wala ukuta kwanza. Alichuchumaa njiani, akachagua kabro moja iliyokuwa ikicheza ukiikanyaga, akapenyeza ncha ya mtaimbo kwenye ufa wa kando yake, akaikwamua.

Ilitoka na mlio wa kunyonya, kama mguu unaotoka topeni.

Mvua ilikuwa imekatika siku tisa. Juu njia ilikuwa imekauka, nyeupe kabisa kwa jua. Chini ya lile tofali kulikuwa na maji yamesimama, kina cha ukucha. Mchanga uliotakiwa kulibeba ulikuwa umechukuliwa upande mmoja, umebaki ute wa kijivu, na chini ya ute huo kuna simiti ngumu, laini, isiyopitisha hata tone.

"Waona," akasema. "Mai yamekaa hapa kama kwenye sahani."

Akachota mchanga kwa kidole, akauonja.

Nikamuuliza kuna nini. Akanipa nami nionje. Ulikuwa na chumvi.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi ladha ile ilivyonifungua macho. Kabro hupangwa juu ya mchanga wa sentimita tatu hadi tano, na mchanga mwingine mwembamba hujazwa kwenye nyufa baina ya tofali na tofali. Msuguano wa mchanga huo ndio unaolifanya tofali moja liwaegemee jirani zake na mzigo ugawanyike. Maji hupita nyufani, hushuka, na chini yake panatakiwa pawe na tabaka la kokoto lililoshindiliwa na kupewa mteremko, yapate kwenda zake. Huo ndio uungwana wa kabro: inakubali kupitwa. Ukiipanga juu ya simiti kongwe isiyo na mteremko, umetengeneza birika lenye kifuniko cha mawe. Na ukitumia mchanga wa ufuoni, birika hilo lina maji ya chumvi, yamekaa miezi, yamegusana na ukuta wa matumbawe unaokunywa kama mkate.

Fundi akanionyesha ukuta wetu. Kutoka chini hadi usawa wa goti, chokaa ilikuwa inakatika kama maganda ya vitunguu, na nyuma ya kila ganda kuna unga mweupe unaometa. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema ni uzee wa nyumba. Ule unga ni chumvi. Maji hupanda ndani ya ukuta, hufika pakavu, hukauka, na chumvi yake ikigeuka chembe hutanuka na kuisukuma chokaa nje.

"Ukuta wa mawe hutoka jasho, mwanangu," akasema. "Zamani jasho lilikuwa latokea chini, kwenye ndia. Sasa ndia imezibwa, jasho lapanda kwako."

Alama ya kwato

Nikamuuliza ni nani aliyeiziba njia. Nilitaka ataje mkandarasi.

Alitaka kujua kuna nini chini, kwa hiyo akachimba palepale kwenye nafasi ya tofali moja, kwa patasi na nyundo, akawa anahesabu kwa sauti. Kabro, sentimita sita. Mchanga, nne. Simiti nyembamba iliyopigwa juu ya mfereji wa bomba la maji, tano. Kisha akafika kwenye zege nene, sentimita kumi, na chini yake kifusi cha nane.

Lile zege nene nililijua kabla hajamaliza kulisafisha. Lilikuwa na alama ya kwato.

Baba yangu alilimwaga mimi nikiwa darasa la pili. Alikuwa amepata fedha kidogo, akanunua simiti, akaita vijana, akafanya mbele ya nyumba yetu pawe safi, pasiwe na tope, mama asichafue buibui. Zege halijakauka punda wa jirani akapita. Nakumbuka ugomvi ule, nakumbuka baba akijaribu kuisawazisha alama kwa mwiko, na nakumbuka majirani wakija kusifu. Mwezi haukuisha, jirani wa juu naye akamwaga lake, juu kidogo ya letu ili maji yasimrudie. Wa chini akafuata.

Chini ya zege la baba, fundi alifika mahali patasi ilipobadilika sauti. Palikuwa pekundu hafifu, pagumu lakini si ugumu wa chuma, pamechanganyika na vipande vya matumbawe na vigae. Ni sakafu ya chokaa, ya aina ileile iliyo juu ya dari zetu: vipande vya mawe na chokaa vinavyomwagwa vikiwa na unyevu na kupigwa kwa vipande vya mbao siku kwa siku, kwa kupokezana nyimbo, hadi vishikane. Alimwaga kikombe cha maji juu yake. Tulikaa tukitazama. Maji yalififia polepole, pakabaki doa jeusi, halafu doa nalo likaanza kupauka.

Akamwaga kikombe kingine juu ya zege la baba. Kikakaa. Tulipomaliza chai kilikuwa bado pale.

Nikajumlisha. Sita, nne, tano, kumi, nane. Sentimita 33. Vidato vyetu viwili vya zamani, nilivyokuja kuvipima baadaye, jumla yake ni 25. Tofauti ni nane.

Vidole vinne. Ndivyo vilivyotosha kuigeuza nyumba yangu mtaro.

Na katika hizo 33, zaidi ya nusu ilikuwa ya baba yangu, mtu mwema, aliyetaka mkewe apite pakavu.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Ningependa kusema alikosea, lakini kila ninapojaribu kujiweka mahali pake, na fedha ile mkononi, na tope lile mlangoni, namwaga zege lilelile. Mkandarasi wa kabro alikuta simiti akapanga juu yake. Aliyetandaza bomba alikuta zege akafukia juu yake. Baba alikuta sakafu ya chokaa imechakaa, akamwaga juu yake. Kila aliyekuja kuitengeneza ile njia aliongeza kitu. Miaka zaidi ya thelathini, hakuna hata mmoja aliyetoa.

Kilomita 135

Wiki chache baadaye nilisafiri kwenda Malindi kwa shughuli ya kifamilia. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda basi, na siku hizi ni lami tupu: barabara ya Lamu, Witu hadi Garsen, kilomita 135. Wasomaji wangu wa huku hawahitaji kukumbushwa ilivyokuwa kabla ya lami. Waliolala Nyangoro ndani ya basi lililozama hadi ekseli wanajijua.

Sehemu za njia ile zinapita kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia, na masika ukavimba na kunata. Hakuna udongo unaoitesa barabara kama huo. Ukilowa unainuka, ukikauka unashuka, na chochote ulichokitandika juu yake kinapanda na kushuka pamoja nao. Wahandisi wana njia mbili wanazotumia sana kuutuliza: ama wauondoe na kuleta changarawe nzuri, ama wauchanganye na chokaa, maana chokaa hubadili tabia ya mfinyanzi, ukaacha kushikilia maji kwa pupa. Niliposoma hilo nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Chokaa ileile.

Tulisimamishwa kabla ya kufika Gamba. Kulikuwa na vijana wanaziba mashimo, gari zinapita upande mmoja kwa zamu. Abiria tukashuka kunyoosha miguu.

Nikamwona kijana mmoja, hazidi miaka ishirini na mbili, anapanua shimo. Lilikuwa shimo dogo, la ukubwa wa sinia. Yeye analikata kingo kwa patasi na nyundo, analifanya la mraba, kisha anachimba chini, anatoa kokoto zilizolowa, anazitupa kando, anachimba tena. Shimo likawa la ukubwa wa mkeka wa kuswalia, na bado anaendelea. Kando yake karai la mchanganyiko mpya linangoja.

Nilishindwa kunyamaza. "Mbona unalikuza shimo, mwanangu?"

Hakuinua kichwa. "Natafuta pakavu, mama."

Akaendelea. Baada ya muda akaweka kiganja chake chini kabisa ya shimo, akakibandika hapo kama mtu anayepima homa ya mtoto, akatikisa kichwa kukubali. Akafagia vumbi lote kwa brashi. Akapaka kingo na chini kwa kimiminika cha rangi ya kahawa ya maziwa. Nilidhani ni rangi. Akaniambia ni lami iliyochanganywa na maji ili ipakike bila kuchemshwa, ningoje. Nikangoja. Mbele ya macho yangu kile cha kahawa kikaanza kuwa cheusi, kutoka pembeni kuja katikati, maji yakijitenga na lami ikishika. Ndipo akajaza, akashindilia, akapaacha pameinuka kidogo kwa sababu magari yatapashindilia tena.

Nikamuuliza kwa nini asijaze tu shimo lilivyokuwa.

"Ukiweka juu ya maji, wiki mbili lafunguka. Tena hufunguka likiwa kubwa zaidi."

Tulirudi ndani ya basi. Sikuwa na mazungumzo na mtu hadi Garsen.

Kinachobeba gari

Huwa tunaiita barabara ya lami, kama kwamba lami ndiyo barabara. Katika ule mchanganyiko mweusi unaotandazwa moto, lami yenyewe ni kama sehemu tano tu katika mia ya uzito. Zilizobaki ni kokoto na vumbi la mawe. Lami ni gundi na ni koti la mvua. Inatoka kwenye mabaki mazito ya mafuta ghafi baada ya petroli na dizeli kutolewa, na haina nguvu ya kubeba kitu. Jua huichosha: mwaka baada ya mwaka inapoteza ulaini wake, inakakamaa, inapata nyufa nyembamba kama za kikombe cha udongo. Ufa ukishafunguka, mvua inashuka hadi tabaka la chini, na gari la kwanza linalopita linayakamua maji hayo pamoja na chembe za changarawe. Shimo huanzia chini. Sisi tunaliona siku ya mwisho.

Mskoti John Loudon McAdam, ambaye jina lake limo ndani ya neno tamaki wanalotumia Wakenya wengi, alishikilia mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba kinachobeba magari ni ardhi yenyewe ya asili, mradi ibaki kavu. Kazi ya mawe yaliyovunjwa na kushindiliwa juu yake ni kuikinga na maji. Aliyasema hayo kabla ya lami kutumika katika barabara zake. Hata mawe, kwake yeye, yalikuwa paa.

Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilipoleta maji ya Mto Tana juu ya barabara yetu maeneo ya Gamba, watu wengi walisema lami ni mbovu. Mimi pia nilisema. Sasa nikipita hapo natazama zaidi makaravati, yale ya kupitisha maji chini ya barabara, na mitaro ya kando iliyoota nyasi hadi kiunoni, na ninajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alitumwa kuizibua. Kuzibua mtaro hakuna uzinduzi. Hakuna anayekata utepe kwa sababu tope limetolewa.

Nilikuwa nimepata niliyokuwa nikiyatafuta tangu siku ya kiatu. Nilirudi Lamu nikiwa na haraka ya kuchimba.

Ukanda wa shibiri mbili

Kichochoro si changu, na mji huu una taratibu zake. Nilipeleka barua ofisini, nikarudi mara nne, nikaruhusiwa kufungua ukanda mwembamba kando ya ukuta wangu tu, upana wa shibiri mbili, kabro zilizobaki zisiguswe. Kwanza niliona nimenyimwa. Fundi akasema inatosha. Ukuta hauhitaji njia nzima, wahitaji pa kutolea jasho.

Tulitoa zege la baba kwa sururu siku tatu. Lilikuwa zege zuri, nasema kwa haki yake, lilikataa kuvunjika. Kile kipande chenye kwato nilikiweka ndani.

Siku ya pili tulikipata kidato cha chini. Kilikuwa mahali pake, jiwe la matumbawe lililochongwa, katikati limelika kwa miguu likawa na bonde dogo. Nilikaa juu yake, miguu ndani ya shimo, nikapapasa ukingo wake hadi nikapata pale palipovunjika kipande. Sikumwambia fundi kitu. Aliendelea na kazi yake upande wa pili, akaniacha.

Kisha likaja swali la nini kirudishwe. Nilitaka kokoto za Maweni, zile zinazopasuliwa kwa mkono kule Manda, kisiwa cha jirani, maana ndizo za kwetu na wanaozipasua ni watu ninaowajua kwa sura. Fundi alisita. Kokoto za matumbawe zina tabia yake: zikiwa na unga wake mwingi, zikalowa na kushindiliwa, hujishika zenyewe zikawa kama sakafu. Kwa barabara, hiyo ni neema. Wanajeshi wa Marekani walijenga viwanja vya ndege vya namna hiyo katika visiwa vya Pasifiki wakati wa vita vya pili vya dunia, wakivimwagia maji ya bahari ili vibaki vigumu. Lakini sisi tulitaka kitu kisichojishika, maji yapite. Tungefunga tulichokifungua.

Ningeweza kuagiza kokoto nyeusi za bara. Hizo hazilainiki. Ila hesabu ya lori hadi Mokowe, mashua, gati, kisha punda, ilinirudisha Maweni. Tukakubaliana: za Maweni, kubwakubwa, zichekechwe na kuoshwa kwa maji matamu hadi maji yatoke meupe kidogo tu. Mchanga hatukuweka kabisa. Wa ufuoni tulishauonja, na wa vilima vya mchanga vya Shela haufai kuguswa, kwa kuwa vilima hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa.

Safari 41 za punda, kwenda na kurudi, vifusi vikitoka na kokoto zikiingia. Mwenye punda alinihesabia kwa mistari ya mkaa ukutani, na ile mistari bado ipo.

Ukuta ulipigwa chokaa upya hadi goti. Fundi alikataa simiti hata kijiko. Chokaa hukomaa polepole, ikivuta hewa, na aliniambia nisitegemee kuiona imekuwa ngumu kabla ya kaskazi. Kila asubuhi niliigusa. Ilikuwa baridi, na unyevunyevu kama shavu la mtoto aliyelia.

Mpira wa maji

Nilikuwa nimesahau jambo moja, na fundi alinisubiri nilione mwenyewe.

Mara ya kwanza iliponyesha manyunyu, maji yote ya kabro yalikimbilia kwenye ukanda wetu. Kwa kuwa ndio uliokuwa chini, yalijaa ndani ya kokoto, yakasimama. Hayakuwa na pa kwenda. Mtaro mkubwa uko chini kwa jirani, mita sita kutoka kona yetu, na mita sita hizo ni za zege na vigae vyake alivyoviweka mwaka juzi kwa gharama.

Nilikwenda kwake baada ya isha. Nilimweleza yote: sahani, chumvi, sentimita nane. Alinisikiliza kwa adabu, akaniagizia kahawa, akasema atafikiri. Nilipokuwa natoka aliongeza kwamba vigae vile alivileta kutoka Mombasa.

Sikumlaumu. Nilikuwa nimemwona baba yangu amekaa pale.

Zikapita wiki tatu. Fundi akaziba mwisho wa ukanda kwa mfinyanzi ili maji yasikae kwenye kona ya nyumba, na kila mvua nilitoka na ndoo kuyachota. Nilianza kufikiri kwamba nimefanya walichofanya wenzangu wote, kutengeneza pangu na kumsukumia wa pili.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, jirani alibisha hodi. Alisimama njiani, hakuingia.

"Ami fundi aliacha ule mpira wake kwako?"

Nikauleta. Ni mpira wa plastiki unaopitisha nuru, wa mita kumi hivi, umejazwa maji. Ukiinua ncha zake mbili, maji ya huku na maji ya kule hukaa usawa mmoja, na hapo hakuna ubishi wa macho. Akanipa ncha moja niishike kwenye kile kidato kilicholika. Yeye akaichukua nyingine, akarudi nyuma taratibu kando ya ukuta wake, akapita juu ya vigae vyake, hadi kwenye ukingo wa mtaro. Mwanawe akamfuata na kipande cha chaki.

"Maji yametulia?" akauliza kutoka kule.

Yalikuwa yanacheza bado, juu, chini, juu. Nikamwambia angoje.